Probox moja, matangazo matatu

Kisa hiki ni cha Malindi, mwezi wa Oktoba, na kinahusu Toyota Probox nyeupe iliyotangazwa kwa shilingi 680,000 ikauzwa kwa 540,000. Mnunuzi ni mpwa wangu, kijana anayenunua samaki kwa wavuvi asubuhi na kuwapelekea wenye mikahawa na hoteli za Watamu. Nilikuwa naye tangu tangazo la kwanza hadi gari likaandikwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe amekubali nikieleze kisa hiki, na majina ya watu nimeyaacha.

Waliosikia kwamba bei ilishuka kwa 140,000 wamemsifu kwa mdomo wake. Mimi nadhani mdomo ulichangia kidogo sana. Kilichofanya kazi ni kwamba alijua, kila alipoomba kupunguziwa, ile pesa ingetoka mfukoni mwa nani. Wanunuzi wengi huku kwetu hupatana kwa bidii na kwa jasho, lakini hupatana na mtu asiye na uwezo wa kupunguza kile wanachoomba.

Hali ilivyokuwa

Kusi ilikuwa imekwisha na bahari imeanza kutulia. Kaskazi ikija, samaki huwa wengi na wageni wa Desemba hujaa Watamu. Kijana alikuwa akibeba makasha ya barafu kwa tuktuk ya kukodi, na kodi ilikuwa inamla faida. Alitaka gari kabla ya Desemba. Hamu hiyo ndiyo iliyokuwa udhaifu wake mkubwa, na muuzaji yeyote mwenye akili angeiona.

Alikuwa na shilingi 600,000: nyingine akiba yake, nyingine mkopo wa chama. Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kutoa 50,000 kando na kutozihesabu kabisa kama pesa za gari. Gari la mkono wa pili halimaliziki siku ya kulinunua. Kuna bima, kuna ada ya kuhamisha umiliki, kuna oili, na daima kuna kitu ambacho hakikuonekana. Kwa hiyo kikomo chake kilikuwa 550,000, na alikijua kabla ya kuona gari lolote. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakipanga kikomo wakiwa wameshakaa kwenye usukani, na hapo kikomo hupanda chenyewe.

Kwa muda alikusanya kwenye simu matangazo ya Probox za injini ya 1500, za Malindi, Kilifi na Mombasa. Watu wengi hupima umri wa gari kwa herufi za namba: hii ni KB, hii ni KC, hii ni KD. Lakini namba husema gari liliandikishwa Kenya lini. Haisemi lilitengenezwa lini. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo gari la KC lililoandikishwa 2017 laweza kuwa la 2010 na jirani yake wa herufi zilezile likawa la 2012. Aliyelinganisha herufi peke yake amelinganisha vitu viwili tofauti. Kijana alipanga matangazo yake kwa mwaka wa kutengenezwa, na ndipo bei zilipoanza kueleweka: zile za 2010 zilitangazwa kati ya 560,000 na 690,000.

Katika kuzipanga akagundua jambo. Probox nyeupe ya 680,000 ilikuwa na kitambaa chekundu kwenye kiti cha dereva, kimechanika pembeni. Gari jingine, tangazo la mtu mwingine, namba nyingine ya simu, bei 665,000, lilikuwa na kitambaa kilekile na mchaniko uleule. La tatu, 650,000, lilipigwa picha chini ya mwarobaini uleule. Namba za gari zilifichwa kwa kidole katika picha zote. Ilikuwa gari moja, na madalali watatu.

Cha juu

Kabla hajaniambia habari ya kitambaa, kijana alikuwa ameshampigia simu dalali wa kwanza. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

“Kaka, lile Probox bado lipo?”

“Lipo, ndugu yangu. Lina wateja wengi.”

“Bei ya mwisho ngapi?”

“Lete 660, kwa sababu ni wewe.”

Hapa alipoteza kitu. Swali la bei ya mwisho, likiulizwa kwenye simu kabla ya kuona gari, humpa dalali nafasi ya kutoa punguzo ambalo halimgharimu chochote. Alipunguza 20,000 hewani. Siku ya kuonana mbele ya gari alikuwa na la kusema: nimeshakupunguzia, sasa na wewe ongeza. Mnunuzi anafika akiwa ameshakula punguzo moja, na bado hajajua hata kama milango inafunga. Kwenye simu ningeuliza mambo matatu tu: la mwaka gani, liko wapi, na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ina jina la nani.

Sasa tufikirie hesabu ya dalali, maana kisa chote kimekaa hapo. Mwenye gari humwambia dalali, mimi nataka kiasi fulani mkononi. Dalali huongeza cha juu chake kisha hutangaza. Katika kisa hiki mwenye gari alitaka 580,000, jambo tulilolijua baadaye. Kwa hiyo kwenye 680,000 kulikuwa na 100,000 ya dalali wa kwanza, kwenye 665,000 kulikuwa na 85,000 ya wa pili, na wa tatu aliridhika na 70,000. Kila unapomshusha dalali kati ya bei ya tangazo na bei ya mwenye gari, unakula mfuko wake. Atapigana, atalalamika, lakini atashuka, kwa sababu 20,000 ni bora kuliko sifuri. Ukifika 580,000 hana tena cha kupata. Hapo atasema mwenye gari amekataa, hata kama hajampigia. Kwake biashara imekufa.

Kwa maneno mengine, anayepatana na dalali peke yake hawezi kushuka chini ya bei ya mwenye gari, hata gari liwe na kasoro kumi. Kasoro si mzigo wa dalali. Ukimwambia dalali tairi zimekwisha, unamwomba alipe tairi kutoka kwenye cha juu chake, naye hakuzimaliza yeye. Mazungumzo ya tairi ni ya mwenye gari. Nimesikia watu wakigombana na dalali saa nzima juu ya kutu na oili, kisha wakaondoka wakisema wauzaji wa Malindi ni wagumu, na mwenye gari hajui hata kwamba kuna mtu alikuja.

Niliona pia tofauti ya biashara aliyoizoea kijana na hii. Pale wavuvi wanapoteremsha samaki yeye ni bingwa, kwa sababu samaki wa saa mbili si samaki wa saa sita, na muuzaji anaiogopa saa. Gari halichachi jioni. Akijaribu kumchosha muuzaji wa gari kwa kungoja, anayechoka ni yeye, maana mwenye msimu unaokaribia ni yeye.

Chini ya gari

Tulikwenda kuliona karibu na Barabara ya Lamu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tulichukua fundi wetu na tukamlipa sisi. Fundi anayeletwa na dalali ni wa dalali, hata akiwa mtu mwema. Nilimwomba kijana asiketi kwenye kiti cha dereva mpaka fundi amalize, wala asitaje Desemba. La kwanza aliweza. La pili lilimponyoka, akaanza kueleza makasha mangapi yataingia nyuma. Dalali akatabasamu. Tangu hapo maneno yake yalikuwa mamoja: kuna mtu wa Kilifi anakuja mchana na pesa taslimu.

Huyo mtu wa Kilifi huenda alikuwapo, huenda hakuwapo. Ushauri wangu ni kumjibu dalali kwa upole, “Akija, Mungu amjalie,” kisha kuendelea kukagua. Ukiharakisha ukaguzi kwa sababu yake, umelipa pesa ambayo haitaandikwa popote.

Fundi alikuta nini? Injini ilikuwa nzuri. Iliwaka baridi bila moshi. Gia zilikuwa sawa. Springi za nyuma zilikuwa zimebadilishwa, zimewekwa nzito kuliko zile za kiwandani, ishara kwamba gari lilibeba mizigo au watu wengi. Shokapu za mbele zilivuja. Tairi mbili zilikuwa zimeliwa upande mmoja, na mbili zilionekana nzima lakini ubavuni zilikuwa na tarakimu 2318. Tarakimu hizo nne husomwa hivi: wiki ya 23, mwaka wa 2018. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na mpira umekauka; kwenye lami yetu ya mchana, gari limejaa, ndiyo inayopasuka.

Kisha fundi akalala chini. Bati la sakafu nyuma ya magurudumu lilikuwa limepakwa rangi nyeusi nzito, mpya kuliko sehemu nyingine zote. Mtu hapaki rangi mahali pasipoonekana bila sababu. Pwani yote ina hewa ya chumvi, lakini hii ilikuwa zaidi ya hewa. Alipogonga, sauti ilibadilika.

La mwisho lilikuwa ndani ya boneti. Dashibodi ilisema kilomita 98,000. Kwenye ukuta wa karibu na betri kulikuwa na stika ya zamani ya kubadilisha oili, imefifia, imeandikwa kwa kalamu: 171,000. Fundi hakusema neno. Alinionyesha, nikaipiga picha. Pedali ya breki, ambayo mpira wake ulikuwa umesagika mpaka chuma, ilikubaliana na stika kuliko dashibodi.

Sikumkabili dalali. Ukimwambia mtu wewe mwongo mbele ya watu, umemlazimisha kutetea heshima yake, na baada ya hapo hakuna bei. Tulinakili namba ya gari na ya chesisi tukaondoka. Dalali alitufuata mpaka barabarani, akashuka mwenyewe: 640, kisha 620.

Jina kwenye rekodi

Siku hiyohiyo tuliingia eCitizen, tovuti ya serikali, zilipo huduma za mamlaka ya usafiri, NTSA, tukalipa ada ndogo na kuomba rekodi ya gari. Utafutaji huu ni wa lazima, na inaniuma kuona watu wakiuruka. Rekodi huonyesha mwenye gari ni nani, namba za chesisi na injini, na kama kuna mkopeshaji mwenye haki juu ya gari. Mikopo ya kuweka logibuku imekuwa mingi. Gari lenye mkopeshaji kwenye rekodi laweza kuvutwa na mkopeshaji hata baada ya wewe kulilipa lote.

Rekodi ilikuwa safi. Namba ya chesisi ililingana. Jina lilikuwa la mwanamke, na dalali alikuwa ametuambia gari ni la ndugu yake wa kiume.

Wapo wanaoshauri kwamba hapa ndipo pa kumruka dalali: mtafute mwenye gari, mmalizane, dalali abaki na tangazo lake. Napinga kwa moyo wote. Dalali ndiye aliyekukutanisha na gari, na jasho lake ni haki yake. Zaidi ya hapo, Malindi ni ndogo. Kijana anayeuza samaki kwa jina lake zuri hawezi kumudu jina la mtu anayedhulumu ujira. Tulimpigia dalali tukamwambia wazi: tumeona rekodi, tunataka kukaa na mama mwenye gari, na wewe uwepo, na ujira wako utajwe pale mbele yetu sote. Alikasirika kidogo. Kisha akauliza, “Mtanipa ngapi?” Tulimwambia 15,000, mwenye gari atoe kutoka kwenye bei. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Bila shaka alijua kwamba wenzake wawili nao wanazunguka na gari lilelile.

Mambrui

Mama huyo anakaa Mambrui, ng’ambo ya daraja la Sabaki. Ni mwalimu mstaafu. Kijana alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla ya habari ya gari akauliza ukoo wetu. Tulikaa barazani. Dalali alikaa pembeni, kimya.

“Mama, sisi tumeliona gari, na tumelipenda,” nilisema. “Lakini tumekuja tusikie kwako mwenyewe.”

“Niulizeni, wanangu.”

Kijana akauliza swali moja ambalo naamini ndilo lililofungua mlango: “Mama, gari lilikuwa likifanya kazi gani?”

Akaeleza bila kuficha. Mwanawe alikuwa akibeba wafanyakazi wa mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, miaka miwili, asubuhi na jioni. Ndiyo maana ya springi nzito, na ndiyo maana ya kutu. Akaongeza jambo ambalo fundi hakuliona: mlango wa nyuma huingiza maji mvua ikiwa ya upepo. Katika mafundisho tuliyolelewa nayo, muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha baraka huondolewa. Yule mama alikuwa akiifanya hiyo kazi mbele yetu, na nilimheshimu sana.

Alipoulizwa bei alisema anataka 580,000, ni karo ya chuo ya mjukuu inayotakiwa Januari. Hakujua kwamba mtandaoni kulikuwa na 680,000. Nilimwona akimtazama dalali. Hatukumsaidia kukasirika.

Kijana hakutaja bei mara moja. Alimsomea orodha ya fundi: tairi nne 28,000, shokapu mbili za mbele 12,000, kuchomelea sakafu 15,000. Jumla 55,000. Kisha akaweka simu mezani, picha ya stika, akasema, “Mama, hili sijui nilieleweje. Dashibodi inasema vingine.” Mama alivaa miwani, akaisoma, akanyamaza. Alisema mwanawe aliwahi kubadilishiwa dashibodi na fundi ilipokufa, na hakujua kama namba zilirudi chini. Yawezekana. Wakati huo tangazo lililoandikwa “kilomita 98,000 tu” lilikuwa bado liko hewani, na aliyeliandika alikuwa amekaa pembeni. Tangazo kisheria ni mwaliko wa kuja kupatana. Huwezi kumshtaki mtu akuuzie kwa bei aliyotangaza. Lakini kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa ni jambo jingine. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inaukataza uongo wa namna hiyo kwa mfanyabiashara, na dalali wa magari ni mfanyabiashara.

Kijana akataja 510,000. Sikuipenda hiyo bei. Ilikuwa chini ya kile orodha yake mwenyewe ilichothibitisha, yaani 525,000, na mtu aliyekuambia kweli hastahili kuminywa chini ya kweli hiyo. Mama alitikisa kichwa: 565. Kijana 525, akirudia hesabu ya fundi, kila kitu na shilingi yake. Mama akasema hata angebaki na gari, tairi angelazimika kununua, hivyo hawezi kulipa zote nne. Hoja nzuri. Kitu kinacholika kwa matumizi si sawa na kasoro, na bei inayotakwa kwenye gari la 2010 tayari inajua kwamba tairi si mpya. Akakubali mbili, shokapu zote na bati zote, 41,000, ikawa 539,000. Wakazungusha, 540,000, na katika hizo yeye ampe dalali 15,000. Wakapeana mkono.

Angalia kwamba hapakuwa na kukutana katikati. Katikati ya 510 na 565 ni 537 na kitu, karibu sawa, lakini 540 ilijengwa kwa vitu vinavyotajika. Bei iliyojengwa hivyo haimwachi mtu akigaagaa usiku akidhani amepunjwa.

Malipo

Tulitoa arbuni ya 20,000 pale pale, kwa karatasi: namba ya gari, chesisi, bei, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kumaliza, sahihi zao na za mashahidi wawili. Kesho yake dalali wa pili alimpelekea mama mnunuzi wa 570,000. Mama alimwambia gari limeshauzwa. Angeweza kuturudishia arbuni na kuchukua 30,000 zaidi, hakufanya.

Salio lilipitia benki, kwa sababu M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja na pia kwa sababu benki huacha alama isiyobishaniwa. Kijana alizuia 50,000 kwa makubaliano mpaka umiliki uhamishwe. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mnunuzi hukubali kwenye yake. Mama alikuwa amesahau neno la siri na laini yake ya zamani ilikuwa imepotea, ikachukua siku kadhaa na safari ya kwenda kuomba msaada mjini. Zile 50,000 hazikuwa za kumshuku. Ziliwafanya wote wawili waharakie jambo lilelile. Uhamisho ulipokubaliwa, kijana alizituma palepale.

Kuchomelea sakafu hakukuwa 15,000. Fundi alipokwangua ile rangi nyeusi, bisibisi ilipita, na kazi ikafika 22,000. Laiti ule ukaguzi ungefanywa na gari limeinuliwa kwa jeki na rangi ikakwanguliwa kidogo kwa ruhusa ya mwenye gari, zile 7,000 zingeingia kwenye orodha iliyosomwa barazani. Kijana amenunua tairi mbili sasa, zile mbili za 2318 amezing’oa kabisa, na zile zilizoliwa upande mmoja atazibadilisha malipo ya Desemba yakiingia.